Jinsi ya kufuatilia habari za Sudan Kusini bila kupotea: anza na mto, njoo kwenye kaunti, alafu ndo uulize nani anapigana na nani

Mi niko Mombasa, kazi yangu ni makaratasi ya mizigo ya transiti, na mzigo mwingi unaopita mikononi mwangu unaenda Juba, kwa hiyo kila wiki lazima mtu aniulize "ati Sudan kumechafuka tena?" na mi huwa namrudishia swali, kumechafuka wapi? Sudan ipi? Kwanza kuna Sudan ya Khartoum ambayo iko vitani tangu 15 Aprili 2023, jeshi la serikali na wanamgambo wa RSF, hiyo ni nchi nyingine kabisa. Sisi tunaongelea Sudan Kusini, iliyopata uhuru 9 Julai 2011, mwenzetu kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Na hata ukishajua ni ya Kusini bado hujajua kitu, manake nchi ina zaidi ya kilomita za mraba 600,000, ni kubwa kuliko Kenya, na panaweza kuwaka moto Upper Nile huku Nimule malori yanapita kama kawaida, au ikawa kinyume chake, nchi yote iko shwari ila barabara moja tu ndo inaua madereva. Nimeona familia zikilia usiku kucha kwa sababu ya habari iliyotokea mahali ambapo mtu wao hajawahi hata kukanyaga. Kwa hiyo nataka nikuelekeze mi navofanya, taratibu, ukiwa na karatasi moja na kalamu.

Chora mto kwanza. Usianze na makabila wala majina ya majenerali, anza na Nile. Weka nukta chini ya karatasi uiite Nimule, hapo ndo mpakani na Uganda, upande wa Uganda panaitwa Elegu, na ndo njia ya mizigo yetu. Piga mstari kwenda juu, yaani kaskazini, manake Nile inatiririka kuelekea kaskazini, ufike Juba. Endelea juu ufike Bor. Baada ya Bor usichore mstari tena, chora wingu kubwa, hilo ni Sudd, kinamasi ambacho msimu wa mvua kinafura na kumeza eneo kubwa ajabu, na jina lenyewe limetoka kwenye Kiarabu likimaanisha kizuizi. Ukitoka kwenye wingu unakuta Ziwa No, hapo Bahr el Ghazal inaingia kutoka magharibi, alafu mto unakata kulia kuelekea mashariki, unapokea Sobat inayotoka upande wa Ethiopia, unapita Malakal, unapanda hadi Renk na kuingia Sudan. Ukiwa na huo mchoro tu tayari umewazidi watangazaji wengi.

Hilo wingu la Sudd ndo ufunguo wa mambo mengi sana. Linagawa nchi, barabara hazilikati, na ndo linafanya mtu wa Bentiu na mtu wa Bor waishi kama nchi mbili ingawa kwenye ramani wako karibu. Wamisri na Wasudan wa Khartoum walitaka kulikwepa kwa kuchimba mfereji wa Jonglei, kilomita 360, ili maji yasipotelee kinamasini, wakaanza 1978, wakachimba kama kilomita 260 hivi, mwaka 1984 wapiganaji wa SPLA, yaani waasi wa kusini enzi hizo, wakawashambulia na kazi ikafa hapo hapo, mashine kubwa ya kuchimbia iko mpaka leo inaliwa na kutu. Na John Garang, kiongozi wa SPLA mwenyewe, shahada yake ya udaktari kule Iowa aliiandikia mradi huo huo wa Jonglei. Huyu Garang alisoma sekondari Tanzania, akapita pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo sisi waswahili si wageni kwenye stori hii.

Haya, mto umeuchora, sasa gawa karatasi mara tatu. Chini kote ni Equatoria. Juu kushoto, magharibi, ni Bahr el Ghazal. Juu kulia ni Upper Nile. Hizi tatu ndo mikoa ya zamani na watu bado wanaongea hivo, mtu akikwambia "mi ni Equatorian" anakwambia kitu kikubwa sana kuhusu siasa yake. Alafu kumbuka namba 3, 4, 3. Equatoria ina majimbo matatu: ya Kati ambayo makao yake ni Juba, ya Mashariki makao Torit, ya Magharibi makao Yambio. Bahr el Ghazal ina manne: Kaskazini makao Aweil, Magharibi makao Wau, Warrap makao Kuajok, na Lakes makao Rumbek. Upper Nile kubwa ina matatu: Jonglei makao Bor, Unity makao Bentiu, na jimbo la Upper Nile makao Malakal. Umeona mtego hapo? Jina Upper Nile ni mkoa wa zamani na pia ni jimbo moja ndani yake, kwa hiyo ukisoma "mapigano Upper Nile" uliza ni ipi kati ya hizo mbili, manake ile kubwa inaingiza mpaka Bor.

Jumla majimbo 10, na juu yake kuna maeneo 3 ya utawala maalumu: Pibor, Ruweng na Abyei. Sasa hapa wengi wanachanganyikiwa wakifungua ramani ya mtandaoni wanakuta majina hawayajui. Sababu ni kwamba Oktoba 2015 Rais Salva Kiir alitoa amri majimbo yakawa 28, Januari 2017 yakawa 32, alafu Februari 2020 akakubali kurudi 10 na hayo maeneo matatu, manake bila hivo Riek Machar, mkubwa wa upinzani, hakutaka kuingia serikalini. Kwa hiyo ukiona ramani ina Jubek, Imatong au Gogrial kama majimbo jua ni ramani ya kati ya 2015 na 2020, iache.

Na usidhani ni mchezo wa majina tu. Mpaka wa jimbo kule ndo unaosema ardhi ni ya nani na mji ni wa nani. Malakal ndo mfano unaoniuma zaidi. Mji uko ukingoni mwa Nile, Washilluk wanasema ni wao na Wadinka wa Padang wanasema ni wao, ile amri ya majimbo 28 ikauweka kwenye jimbo lililokuwa na Wadinka wengi, na Februari 2016 kambi ya wakimbizi wa ndani iliyokuwa ndani ya kituo cha UN hapo Malakal ikashambuliwa na kuchomwa, watu zaidi ya 20 wakafa wakiwa chini ya bendera ya umoja wa mataifa. Kwa hiyo mtu akikwambia "wanagombania ramani tu" mwambie ramani hiyo ina damu.

Chini ya jimbo kuna kaunti, kama sisi Kenya ila udogo wake ni kama wa wilaya ya zamani, ziko 79 kwa hesabu ya majimbo kumi. Chini ya kaunti kuna payam, chini ya payam kuna boma. Ndio, boma, neno tunalolijua, lakini sisi tukisikia boma tunawaza la ng'ombe na wao ni ngazi ya mwisho ya serikali. Alafu kuna mahali panaitwa Boma kabisa, kule mashariki karibu na Ethiopia ndani ya eneo la Pibor, kwenye hifadhi ya wanyama, kwa hiyo ukisoma "Boma" angalia kama ni ngazi au ni jina la mahali. Mi ushauri wangu ni mmoja: habari yoyote ya mapigano isiyotaja kaunti, usiisambaze. Kaunti ndo saizi sahihi. Jimbo ni kubwa mno, na boma hutalipata kwenye ramani.

Kingine cha utawala ambacho ukikijua unaelewa nusu ya taarifa: gavana hachaguliwi. Tangu uhuru hakuna uchaguzi mkuu hata mmoja uliofanyika, uchaguzi wa mwisho ulikuwa 2010 wakiwa bado ndani ya Sudan moja. Gavana anateuliwa na rais na anafutwa na rais, na mara nyingi amri inasomwa usiku kwenye televisheni ya taifa, unalala gavana ni huyu unaamka ni mwingine. Mkataba wa amani wa 2018 uligawa magavana kama mtu anavogawa nyama: upande wa Kiir majimbo sita, upande wa Machar, wanaoitwa SPLM-IO, matatu, ambayo ni Upper Nile, Equatoria Magharibi na Bahr el Ghazal Magharibi, na muungano mwingine wa upinzani ukapewa moja, Jonglei. Kwa hiyo ukisikia gavana wa moja ya haya manne ya upinzani kafutwa bila chama chake kuulizwa, hiyo si habari ndogo, ni mkataba unatobolewa, na mi huwa nawaambia wenye mizigo wakae macho wiki inayofuata.

Sasa tuje kwenye vita vyenyewe. Viweke kwenye mafungu, usivimwage vyote kwenye sufuria moja.

Fungu la kwanza ni vita vya wakubwa, serikali na waliotoka serikalini. Kiir alimfuta Machar umakamu Julai 2013, na 15 Desemba 2013 risasi zikalia Juba kati ya walinzi wa rais wenyewe kwa wenyewe, siku chache tu moto ukafika Bor, Bentiu na Malakal. Ona hiyo miji mitatu kwenye karatasi yako, ni makao ya majimbo yote matatu ya Upper Nile kubwa. Mkataba ukasainiwa Agosti 2015, Machar akarudi Juba Aprili 2016, Julai ikawaka tena kwenye ikulu, Machar akakimbia kwa miguu porini mpaka Kongo. Na hiyo ya 2016 ndo ilibadilisha kila kitu kwa sisi watu wa mizigo, manake vita viliteremka Equatoria, Yei na Kajo-Keji ambako zamani palikuwa pa wakulima wametulia, watu wakahama kwa malaki kuingia Uganda na kambi ya Bidi Bidi ikawa kama mji. Mkataba wa pili ukaja Septemba 2018 Addis Ababa, serikali ya pamoja ikaundwa 22 Februari 2020 ikiwa na makamu wa rais watano, na uchaguzi ukaahirishwa mara kadhaa, ile ya Septemba 2024 ikausogeza hadi Desemba 2026. Thomas Cirillo na kundi lake la waasi la NAS hawakusaini, wako Equatoria, kwa hiyo ukisikia shambulio upande wa Yei usikimbilie kusema ni Machar.

Watafiti wa London School of Hygiene walikadiria kwamba kati ya Desemba 2013 na Aprili 2018 vita vilisababisha vifo karibu 400,000, na nusu yake tu ndo waliouawa kwa silaha, wengine ni njaa na magonjwa na kukosa hospitali. Hiyo namba soma mara mbili.

Hapa ndo niseme lile linalonikera kuliko yote. Watu wanasema "Dinka na Nuer" alafu wanafunga kitabu. Kweli 2013 Wanuer waliuawa Juba kwa sababu ya kabila lao, na kweli Wadinka wa Bor waliuawa Bor, na kidonda cha mauaji ya Bor ya 1991, wakati Machar alipojitenga na Garang, hakijapona, haya yote ni kweli na si ya kufichwa. Lakini Wanuer wa Bul walipigana upande wa serikali dhidi ya Wanuer wenzao wa kusini ya Unity. Taban Deng Gai aliyechukua kiti cha Machar 2016 ni Mnuer wa Unity kama Machar mwenyewe. Wadinka wa Lakes na Warrap wanauana wao kwa wao kila kiangazi. Kwa hiyo ukitajiwa kabila, uliza sehemu: Mdinka wa wapi, Agar, Rek, Padang, Malual, Twic? Mnuer gani, Lou, Jikany, Bul, Gawaar? Mtu wa huko mwenyewe ndivo anavojitambulisha kwa mwenzake, na ukimuuliza hivo anaona unamheshimu na atakueleza kitu cha maana.

Fungu la pili ni la ng'ombe na malisho, na hili ndo linaua watu wengi kimyakimya. Mahari kule ni ng'ombe, tena makumi ya ng'ombe, kijana asiye na ng'ombe haoi, na bunduki zimejaa. Chukua Jonglei na Pibor: Lou Nuer, Wadinka wa Bor, na Wamurle, wanaibiana ng'ombe na mpaka watoto wanatekwa. Mwisho wa 2011 kuingia 2012 maelfu ya vijana wa Lou walitembea kwa miguu mpaka Pibor na jeshi na UN hawakuwazuia. Eneo la utawala la Pibor lenyewe lilizaliwa 2014 kutokana na mkataba na David Yau Yau aliyekuwa ameasi, yaani Wamurle walipigania wasitawaliwe kutoka Bor. Ukiona hivo unaelewa kwa nini ni eneo peke yake na si kaunti ya Jonglei.

Na ng'ombe wanafuata maji, kwa hiyo angalia kalenda. Kuanzia Desemba mpaka Aprili ni kiangazi, mito midogo inakauka, mifugo inasogea kwenye majani mabichi kando ya kinamasi, makundi yanakutana, na ardhi ni ngumu askari na vijana wanatembea. Mvua ikianza Mei udongo mweusi unageuka gundi, magari yanakwama, vita vinapoa sehemu nyingi na bei ya unga inapanda. Ila tangu 2019 mafuriko yamekuwa makubwa mno, Bentiu ilizingirwa na maji ikabaki kama kisiwa nyuma ya tuta la udongo, na wafugaji wa Jonglei waliokimbia maji wameshuka na ng'ombe zao mpaka Equatoria kwenye mashamba ya watu, Magwi huko na Kajo-Keji, na hapo ndo ugomvi mpya wa mkulima na mfugaji umezaliwa. Picha ukitumiwa ati ni ya leo, angalia nyasi. Kama ni Februari na nyasi ni kijani kibichi imefika kiunoni na watu wako kwenye matope, hiyo picha itilie shaka, huenda ni ya zamani, labda iwe ni ya kando ya kinamasi au ya mafuriko.

Fungu la tatu ni mipaka na majirani, nalipita haraka. Abyei inagombaniwa kati ya Juba na Khartoum, na wanaovutana pale ni Wadinka wa Ngok na wafugaji Wamisseriya, askari wa UN wako pale tangu 2011, ila tangu 2022 mapigano mabaya zaidi yamekuwa kati ya Ngok na Wadinka wenzao wa Twic kutoka Warrap, tena ugomvi wa ardhi. Heglig, ambayo watu wa Sudan Kusini wanaiita Panthou, walipigana na Sudan Aprili 2012 kwa ajili ya mafuta. Ilemi ni eneo la mpakani lenye mzozo na Kenya, na pale Nadapal Waturkana na Watoposa wanavutana. Mafuta yenyewe yanatoka Unity na Upper Nile na bomba lote linapita Sudan mpaka Port Sudan, ndo maana bomba lilipoharibika Februari 2024 kwa sababu ya vita vya Khartoum, watumishi wa serikali Juba walikaa miezi bila mshahara ingawa vita vyenyewe havikuwa Juba.

Fungu la nne ni barabara. Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami na ndo koo ya nchi, chakula na mafuta ya gari yanapita hapo. Anayevizia lori anaweza kuwa mwasi, mwanajeshi ambaye hajalipwa, au mwizi tu, na mara nyingi hata uchunguzi haufiki mwisho. Kwa hiyo dereva akipiga simu "njia imefungwa" usiulize ni kabila gani, uliza ni kati ya wapi na wapi, ni upande wa Nimule au wa Yei, na je konvoi zinatoka? Yei ni njia mbaya zaidi na ina miaka mingi iko hivo.

Hebu tujaribu na habari moja ya kweli. Machi 2025 simu zilijaa "vita vimerudi Sudan Kusini". Mahali: Nasir, tarehe 4 Machi, kambi ya jeshi imetekwa. Fungua karatasi, Nasir iko wapi? Kwenye mto Sobat, jimbo la Upper Nile, pembeni kabisa karibu na Ethiopia, mbali mno na Juba na mbali zaidi na Nimule. Kaunti ni Nasir, na jirani yake Ulang. Watu ni Wanuer wa Jikany. Waliopigana ni vijana wanaoitwa Jeshi Jeupe, ambao si jeshi la mishahara, ni vijana wa vijiji wanaokusanyika na kutawanyika, wakiogopa askari wapya wanaoletwa watawanyang'anya silaha. Msimu ni kiangazi. Tarehe 7 helikopta ya UN iliyokwenda kuwaokoa askari ikapigwa risasi, Jenerali Majur Dak, kamanda wa jeshi la serikali pale Nasir, akauawa, na hapo jambo la kaunti likapanda hadi ikulu: Uganda ikapeleka wanajeshi Juba, Machar akawekwa kizuizini nyumbani 26 Machi, na Septemba akafunguliwa mashtaka ya uhaini na mauaji. Umeona lilivotoka fungu moja likaingia lingine, likiwa na tarehe zake.

Wiki ile redio mbili ndo zilinisaidia, Miraya ya UN na Eye Radio ya Juba, nikisikia kitu kwenye moja nasubiri ya pili. Na mama mmoja hapa Changamwe ambaye mwanawe anaendesha trela alinipigia analia, nikamuuliza mama, kijana kalala wapi jana? Akasema Elegu, anangoja muhuri. Nikamchorea mto kwenye nyuma ya risiti, nikamwonyesha Nasir iko huku juu kulia, mwanao yuko huku chini, na wale waliokimbia Nasir hawakushuka Juba wala Uganda, walivuka kuingia Gambella, Ethiopia, manake ndo kulikokuwa karibu.